Jinsi ya Kubana Ruhusa za Awali kwenye Seva ya Samba: Mwongozo Kamili

Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja kwa sababu printa ilikuwa imegoma kutuma skani kwenye seva. Tatizo la printa lilikuwa dogo. Kilichonishtua ni kwamba nilipofungua folda ya skani kwa laptopu yangu, ambayo haikuwa na akaunti yoyote pale, niliona vitambulisho vya wafanyakazi, mikataba na hati za malipo za miaka kadhaa. Hakuna aliyekuwa amedukua kitu. Siku moja mtu alichoshwa na ujumbe wa "huna ruhusa", akaandika `guest ok = yes` (yaani hata mgeni asiye na akaunti aingie), akamalizia na `chmod -R 777` (yaani kila mtu asome na aandike), na kazi ikaenda.

Folda nyingi zilizo wazi huzaliwa hivyo. Ruhusa za kikundi zinakuwa hazikupangwa sawasawa mwanzoni, watu wanakwama, na mlango unafunguliwa kwa kila mtu ili wachache wapite. Ndiyo maana sehemu ndefu kuliko zote hapa chini ni ya vikundi na ruhusa za saraka. Mengine ni ya haraka.

Nachukulia kwamba una seva ya Linux ya aina ya Debian au Ubuntu, Samba (programu inayowezesha kompyuta za Windows na nyinginezo kufungua folda za seva hiyo) inayojitegemea isiyo kwenye domeni, mtandao wa ndani wa 192.168.10.0/24, na kadi ya mtandao inayoitwa `enp3s0`. Badilisha majina hayo kulingana na kwako.

Hatua ya 1: Jua ulichonacho kabla ya kugusa

Weka nakala ya faili ya mipangilio, kisha tazama toleo na mipangilio inayotumika kweli:

```
sudo cp /etc/samba/smb.conf /etc/samba/smb.conf.zamani
smbd --version
testparm -s
testparm -sv | less
```

Amri ya tatu inaonyesha yale tu yaliyobadilishwa. Ya nne inaonyesha kila kitu, pamoja na thamani ambazo hukuziandika wewe, na hiyo ndiyo ya kukaa nayo. Faili ya mipangilio ikiwa fupi haina maana kwamba mipangilio ni michache. Maana yake ni kwamba mingi umeiachia Samba ikuamulie.

Soma thamani hizi kwa makini: `map to guest`, `usershare allow guests`, `usershare max shares`, `server min protocol`, `create mask`, `directory mask`. Samba yenyewe, ilivyotoka kwa watengenezaji wake, ina `map to guest = Never`. Lakini faili inayokuja na Debian na Ubuntu inaandika `map to guest = bad user` na `usershare allow guests = yes`. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba "Samba haikubali wageni mpaka uiambie", ni kweli kwa programu, na si kweli kwa seva iliyo mbele yako.

Hatua ya 2: Bisha hodi kama mtu usiyejulikana

Nenda kwenye kompyuta nyingine ya mtandao huohuo. Usijaribu ukiwa kwenye seva yenyewe.

```
smbclient -L //192.168.10.2 -N
smbclient //192.168.10.2/skani -N -c 'ls'
```

Alama ya `-N` inamaanisha hutoi nywila. Rudia amri ya pili kwa kila folda iliyotajwa, na uandike pembeni kila ulichoweza kuona. Orodha hiyo utaihitaji mwishoni, maana ndiyo itakayokuonyesha kama umefunga au umedhani umefunga.

Onyo kwa wanaojaribu kwa Windows: Windows hukumbuka jina na nywila ulizotumia awali na kuziwasilisha kimyakimya. Unaweza kudhani umeingia kama mgeni kumbe umeingia kwa akaunti yako. Ondoa miunganisho yote kwa `net use * /delete`, na futa nywila zilizohifadhiwa, kabla ya kuamini unachokiona.

Hatua ya 3: Sehemu ya jumla

Fungua `/etc/samba/smb.conf` na uandike upya sehemu ya `[global]`:

```
[global]
   server role = standalone server
   map to guest = never
   restrict anonymous = 2
   usershare max shares = 0
   invalid users = root

   interfaces = lo enp3s0
   bind interfaces only = yes
   hosts allow = 127. 192.168.10.

   server min protocol = SMB3_00
   server signing = mandatory
   smb encrypt = required
   disable netbios = yes
   smb ports = 445

   load printers = no
   log level = 1 auth_audit:3
```

Mstari wa `map to guest` ndio wenye uzito kuliko yote. Ukiwa na thamani ya `bad user`, mtu akija na jina lisilokuwepo kwenye seva hakataliwi. Anageuzwa kuwa mgeni na kuingizwa kama `nobody`. Ipo na thamani mbaya zaidi, `bad password`, ambayo humgeuza kuwa mgeni hata mtumiaji halali aliyekosea herufi moja ya nywila. Anaingia, haoni faili zake, anakupigia simu kwamba data imepotea. Weka `never`, na anayekosea aambiwe amekosea.

`restrict anonymous = 2` inazuia mtu asiye na akaunti kuorodhesha folda na majina. Bila mstari huo, hata wageni wakikataliwa, orodha ya folda bado inaweza kusomwa. Ila faida yake hupotea mara tu unapoweka `guest ok = yes` kwenye folda yoyote ile, hata moja. Ni sababu nyingine ya kutokuwa na folda ya wageni kabisa.

`usershare max shares = 0` inawanyima watumiaji wa kawaida wa seva uwezo wa kutangaza folda zao wenyewe bila kukuuliza. Usisahau `lo` kwenye `interfaces`, kwa sababu `smbpasswd` hupitia anwani ya ndani mtu wa kawaida anapoitumia kubadilisha nywila yake.

Kuhusu itifaki: tangu toleo la 4.11 la mwaka 2019, Samba imeacha kukubali SMB1, toleo la kwanza la itifaki ya SMB ambayo Samba na Windows hutumia kubadilishana faili, bila kuombwa. Hiyo SMB1 ndiyo iliyobeba WannaCry, programu ya kudai fidia, mwezi Mei 2017, miezi miwili baada ya Microsoft kutoa kiraka cha MS17-010. Tatizo ni kwamba seva zilizopandishwa toleo mara nyingi zina mstari wa zamani wa `server min protocol = NT1` ambao mtu aliuandika ili skana ya kale ifanye kazi, na mstari huo unaendelea kutiiwa. Ufute. Nimechagua `SMB3_00` ili usimbaji fiche uwezekane. Windows 8 na zinazofuata zinaielewa. Kama una kifaa kinachojua SMB1 peke yake, kitafutie njia nyingine ya kutuma faili, hata kwa barua pepe, kuliko kushusha seva nzima kwa ajili yake.

Jambo moja linalohusiana: Windows 11 toleo la 24H2 (Pro, Enterprise na Education) inadai saini kwenye kila muunganisho, na mgeni hawezi kutia saini. Matokeo yake ni kwamba folda za wageni zilizofanya kazi miaka mingi zimeacha kufunguka, na ushauri unaosambaa ni kuzima ulinzi huo kwenye kila kompyuta. Naomba usifanye hivyo. Kompyuta inakueleza ukweli kuhusu seva, na dawa ni kumpa kila mtu akaunti.

Hatua ya 4: Watumiaji

Mtu wa kutumia folda hahitaji kuingia kwenye seva kwa njia nyingine yoyote. Mpe akaunti isiyo na saraka ya nyumbani wala dirisha la amri:

```
sudo groupadd hesabu
sudo useradd -M -s /usr/sbin/nologin -G hesabu mhasibu1
sudo smbpasswd -a mhasibu1
sudo pdbedit -L
```

Nywila ya Samba huhifadhiwa mbali na ya Linux, hivyo kubadilisha moja hakubadilishi nyingine. Amri ya mwisho huorodhesha waliomo. Ukiona jina usilolijua, au jina la mtu aliyeondoka zamani, shughulika nalo sasa.

Akaunti moja ya "ofisi" inayotumiwa na watu kumi ni karibu sawa na kuwa na wageni. Siku faili ikifutwa hutajua ni nani, na siku mmoja akiondoka itabidi ubadilishe nywila ya wote.

Hatua ya 5: Vikundi na ruhusa za saraka

Kila faili kwenye Samba ina kufuli mbili. Ya kwanza ni ya Samba: nani anaruhusiwa kwenye folda hii. Ya pili ni ya Linux: nani anaruhusiwa kusoma au kuandika faili hii. Mtu lazima apite zote mbili, na ile kali ndiyo yenye neno la mwisho. Wengi hufunga ya kwanza tu na kuiacha ya pili wazi kwa `777`. Siku ukikosea mstari mmoja kwenye `smb.conf`, hakuna kilichobaki cha kukuzuia usianguke.

Sasa tuone jinsi watu wanavyofikia `777`. Samba isipoelekezwa hutumia `create mask = 0744` na `directory mask = 0755`. Fuatilia maana yake: mhasibu wa kwanza anaunda faili. Mwenyewe anaweza kuandika, wenzake wa kikundi wanasoma tu, na kila mtu mwingine mwenye akaunti kwenye seva anasoma pia. Yaani thamani ya awali inakosea pande mbili kwa pamoja: inambania mwenzako wa karibu na kumwachia asiyehusika. Mhasibu wa pili anashindwa kuhariri, analalamika, na msimamizi anafungua kila kitu.

Dawa ni kuifanya saraka iwe mali ya kikundi na kuweka alama ya kurithisha kikundi, ile `2` inayotangulia:

```
sudo mkdir -p /srv/data/hesabu
sudo chown root:hesabu /srv/data/hesabu
sudo chmod 2770 /srv/data/hesabu
```

Kwa `2770`, chochote kinachoundwa ndani kinakuwa cha kikundi `hesabu` bila kujali nani amekiunda, na asiye wa kikundi hawezi hata kuona majina ya faili. Kisha iambie Samba ifuate mkondo huohuo:

```
[hesabu]
   path = /srv/data/hesabu
   valid users = @hesabu
   read only = no
   guest ok = no
   create mask = 0660
   force create mode = 0660
   directory mask = 2770
   force directory mode = 2770
```

Tofauti ya `create mask` na `force create mode` huwachanganya wengi. Ya kwanza hupunguza: ruhusa isiyokuwemo humo huondolewa. Ya pili huongeza: ruhusa iliyomo humo huwekwa hata kama kompyuta ya mtumiaji haikuiomba. Ukiziweka sawa, kila faili inatoka na ruhusa ileile, na wenzako hawatakwama.

`valid users` isipokuwepo, kila mwenye nywila ya Samba anaruhusiwa kufungua folda. Hakuna onyo litakalotokea. Andika mstari huo kwenye kila folda, hata ile unayotaka kila mmoja aione. Kwa hiyo tumia kikundi cha `wote`, na ukitaka wengi wasome na wachache waandike, fanya hivi:

```
[miongozo]
   path = /srv/data/miongozo
   valid users = @wote
   read only = yes
   write list = @wahariri
   create mask = 0664
   force create mode = 0664
   directory mask = 2775
   force directory mode = 2775
```

Hapa saraka yenyewe iwe ya kikundi `wahariri` kwa `2775`, la sivyo kufuli ya Linux itawazuia wasomaji au waandishi.

Usitegemee `browseable = no`. Inaficha jina kwenye orodha, lakini anayelijua jina anaandika na kuingia.

Faili za zamani hazijirekebishi. Mipangilio mipya inagusa zinazoundwa kuanzia sasa tu. Tafuta kwanza zilizo wazi, zitazame, ndipo urekebishe:

```
sudo find /srv/data/hesabu -perm /007 -ls | less
sudo chgrp -R hesabu /srv/data/hesabu
sudo find /srv/data/hesabu -type d -exec chmod 2770 {} +
sudo find /srv/data/hesabu -type f -exec chmod 660 {} +
```

Kagua njia uliyoandika mara mbili kabla ya kubonyeza. Amri hizi zikielekezwa kwenye `/` badala ya folda yako zinaharibu mfumo mzima.

Kwa wenye Fedora au ndugu zake, kuna kufuli ya tatu, SELinux. Folda ikikataa kufunguka pamoja na ruhusa zote kuwa sawa, usiizime SELinux. Ipe saraka lebo yake:

```
sudo semanage fcontext -a -t samba_share_t "/srv/data(/.*)?"
sudo restorecon -Rv /srv/data
```

Kwa nini nasisitiza hivi kuhusu kuandika? Mei 2017 liligunduliwa pengo la CVE-2017-7494, lililokuwa kwenye Samba tangu toleo la 3.5.0. Aliyeweza kuandika kwenye folda moja aliweza kupakia maktaba ya programu na kuifanya seva iiendeshe. Matoleo ya 4.4.14, 4.5.10 na 4.6.4 yaliliziba. Sharti la shambulio lilikuwa hilo tu: mahali pa kuandika. Seva iliyokuwa na folda ya wageni ya kuandikia ilimpa mshambuliaji sharti hilo bure. Hali kadhalika programu za kudai fidia: zinasimba kila faili ambayo mtumiaji aliyeambukizwa anaweza kuiandika, hivyo kadiri kila mtu anavyoandika pachache, ndivyo hasara inavyokuwa ndogo. Na hifadhi rudufu isikae kwenye folda ambayo mtumiaji yeyote anaweza kuifikia kwa Samba.

Hatua ya 6: Folda za nyumbani na printa

Kama hutumii `[homes]`, `[printers]` na `[print$]`, zifute. Ukiihitaji `[homes]`, weka ndani yake `valid users = %S`, ili kila mtu afungue ya kwake pekee; bila hiyo, mtumiaji mmoja anaweza kuunganisha kwenye folda ya mwenzake na kubaki akitegemea kufuli ya Linux.

Hatua ya 7: Ngome ya mtandao

```
sudo ufw allow from 192.168.10.0/24 to any port 445 proto tcp
sudo systemctl disable --now nmbd
sudo ufw status
```

Kabla ya kuiwasha `ufw` kwa mara ya kwanza, hakikisha umeruhusu na SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, usije ukajifungia nje. Mlango wa 445 usielekezwe kamwe kutoka intaneti kwenye ruta. Anayefanya kazi akiwa mbali aje kupitia VPN, kwa mfano WireGuard, kisha anwani za VPN ziongezwe kwenye `hosts allow` na kwenye ngome. Na kama Wi-Fi ya wageni iko kwenye mtandao mmoja na seva, itenge, kwa sababu `hosts allow` inaangalia anwani, haijui nani ni mfanyakazi.

Hatua ya 8: Washa, kisha rudia kubisha hodi

```
testparm -s
sudo systemctl restart smbd
```

Kuwasha upya kunakata miunganisho iliyopo, basi chagua saa ambayo watu hawajafungua faili. Sasa chukua ile orodha ya hatua ya 2 na urudie kila jaribio:

```
smbclient -L //192.168.10.2 -N
smbclient //192.168.10.2/hesabu -U karani1
smbclient //192.168.10.2/hesabu -U mhasibu1
```

La kwanza linapaswa kuishia na `NT_STATUS_ACCESS_DENIED`, hata kama kabla yake utaona maneno ya kuonyesha kwamba muunganisho usio na jina umepokelewa. La pili, ambapo `karani1` si wa kikundi cha hesabu, likataliwe vivyo hivyo hata kwa nywila sahihi. La tatu lifunguke. Rudia la tatu kwa nywila mbaya makusudi: jibu liwe `NT_STATUS_LOGON_FAILURE`. Kisha unda faili ukiwa `mhasibu1`, ihariri ukiwa mhasibu mwingine, na utazame kwenye seva kwa `ls -l`. Unataka kuona `-rw-rw----` na kikundi `hesabu`. Jaribio hili la mwisho usiliruke, maana likishindwa leo, kesho kuna mtu ataandika `777`.

Kule `/var/log/samba` utakuta sasa kumbukumbu za walioshindwa na waliofanikiwa kuingia, kwa sababu ya `auth_audit:3`.

Kama unatumia NFS

NFS ni njia nyingine ya kushirikisha folda kwenye mtandao. Mantiki ni ileile ila mtego ni mwingine. Linganisha mistari hii miwili ya `/etc/exports`:

```
/srv/data 192.168.10.5(rw,sync)
/srv/data 192.168.10.5 (rw,sync)
```

Nafasi moja tu. Wa kwanza unaruhusu kompyuta moja kuandika. Wa pili unaipa kompyuta hiyo thamani za awali, yaani kusoma tu, na kuuruhusu ulimwengu mzima kuandika. Endesha `sudo exportfs -v` kila baada ya kuhariri na usome kilichochapishwa, usiamini macho yako kwenye faili. Acha `root_squash`, inayomnyima root wa kompyuta nyingine mamlaka ya root kwenye seva yako, kama ilivyo. Na ujue kwamba NFS ya kawaida, isiyo na Kerberos (mfumo wa kuthibitisha utambulisho wa mtumiaji), huamini namba ya mtumiaji inayotajwa na kompyuta inayouliza, kwa hiyo usiitangaze kwa kompyuta usiyoisimamia mwenyewe.

Mtu anapoondoka

```
sudo smbpasswd -d mhasibu1
sudo gpasswd -d mhasibu1 hesabu
sudo smbstatus
```

Kuzima akaunti na kumtoa kwenye kikundi hakukati muunganisho alionao muda huo. Anaendelea mpaka atoke. Tafuta namba ya mchakato wake kwenye `smbstatus`, kisha ukate kwa `sudo kill` na namba hiyo. Akirudi kujaribu, kumbukumbu zitakuonyesha jina lake na anwani aliyotumia. Akaunti yenyewe iache imezimwa hadi faili zake zikabidhiwe kwa mwingine, ndipo uifute kwa `sudo smbpasswd -x mhasibu1`.